Vidonge vya Vita Kwenye Mibuni

Kaka Valeri,

Huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, ambayo hukuwahi kuyaheshimu. Tangu tukulaze kaburini pale kando ya migomba yako, dawa ya mibuni inauzwa kila duka Kiboriloni, wengine wanakupimia kwenye chupa ya soda. Chama cha ushirika hakituletei tena. Ungekuwepo ungefoka mpaka wafunge maduka.

Nakuandikia kwa sababu ya mkeo. Juzi aliniita, akanionyesha kopo la vile vidonge ulivyorudi navyo kutoka jeshini, vya kumeza kabla adui hajamwaga ile gesi inayoshika mishipa ya fahamu. Wadudu wamevamia mibuni, mtu wa kupuliza hapatikani, anataka apulize mwenyewe. "Shemeji, Baba Eliza alikuwa anameza kimoja kwanza. Na mimi nimeze?"

Ee kaka, nilicheka, halafu nikaogopa.

Unakumbuka? Ulinieleza kwa sauti ya sajini kwamba sumu ya mibuni na gesi ile ni watoto wa baba mmoja, basi kinga ni moja. Tukajaribu kwanza na maji matupu ndani ya bomba la kupulizia badala ya dawa, uone kama mwili utabeba. Tukameza, tukapanda kihamba, lile shamba letu la mibuni na migomba, kutoka mferejini, bomba mgongoni. Katikati ya mlima mate yamenijaa mdomoni, jasho linatiririka, mapaja yanachezacheza yenyewe, tumbo linanguruma kama lori la ndizi. Nikavua bomba, nikakimbilia migombani. Ukanipigia kelele: "Meku, mzee wangu, kumbe mbio unazo!"

Kesho yake nikapanda bila kidonge, wewe umemeza. Nikakuacha nyuma, mimi, mwenye kitambi hiki. Ukanuna mpaka pombe ya mbege ilipoletwa.

Ndipo ukaenda mjini kumuuliza daktari, ukarudi mpole. Kidonge ni cha gesi ya vita, tena peke yake hakitoshi. Kwa sumu ya shamba si kinga, kinaweza hata kuongeza balaa. Lakini Mama Eliza alikuwa na wasiwasi kila ukibeba bomba, basi ukaendelea kumeza mbele yake, kumbe ukigeuka unakitema kwenye majani.

Nimemwambia, kaka. Sikuwa na njia nyingine, kopo lilikuwa mkononi mwake. Alishika mgomba, akacheka hadi machozi. "Kumbe miaka yote niliolewa na mwigizaji." Kisha akalifuta lile kopo kwa kanga, taratibu, kabla ya kunipa nilipeleke zahanati.

Basi lala salama, ndugu yangu. Bomba hatalibeba. Nitapuliza mimi, asubuhi upepo ukiwa umetulia, na koti la mvua, buti, glavu na kitambaa usoni, nikipumzika kila baada ya mistari miwili. Yeye atakaa juu kule, mbali na dawa, anicheke anavyotaka.

Mimi wako,
Beda