Taa Nyekundu ya Ngong Road

Kwa kaka yangu uliye Nakuru,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Namwonea wivu mke wako. Nilidhani wivu huo ungeisha ulipohamishwa kikazi, kwa kuwa sasa hata yeye anakukosa, lakini bado umeniganda.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa tarishi wa ile ofisi ya mjini, na kabla ya kuanza kusambaza barua ulinipakia kwenye pikipiki ya kazi ukanishusha maktaba. Tuliisukuma kutoka mtaani kwetu Gatwekera kimya kimya ili majirani wasitutukane, tukaiwasha tulipofika mtaa wa Ayany. Mimi nilifunga kichwa kwa leso ya Mama na kushika koti lako kwa mikono miwili.

Halafu tulifika pale barabara yetu inapoingia Ngong Road, na taa ilikuwa nyekundu. Hakukuwa na gari hata moja. Taa haikubadilika. Kuivuka hukuthubutu, maana bosi wako alikuwa amewaambia kwamba atakayeshikwa kwa kosa hilo asirudi kazini. Tulingoja mpaka gari litokee nyuma yetu, kwa sababu gari likifika tu, taa ilikubali. Wewe na matarishi wenzako mliamini kwamba taa inapima uzito.

"Sisi ni wepesi," uliniambia. "Ruka!"

Tukarukaruka kwenye kiti kama watu waliokalia siafu. Mama wa maandazi aliyekuwa kando ya barabara akatupigia kelele, "Kwani hiyo pikipiki ina pepo?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Jumamosi iliyofuata ulifunga gunia la mawe nyuma yangu. Taa haikujali.

Mimi ndiye niliyeiona mistari pale tulipokuwa tunasimama. Ilikuwa myembamba, imechongwa kwenye lami kwa umbo la mstatili, kisha ikazibwa kwa lami nyeusi zaidi. Nikakumbuka kitabu chetu cha fizikia: waya uliozungushwa ukapitishiwa umeme hujua chuma kinapoukaribia.

"Kaka, si uzito," nilisema. "Kuna waya chini ya hii mistari. Gari linaufunika wote. Sisi tunasimama katikati, mbali nao. Weka magurudumu yote mawili juu ya mstari."

"We, hayo umeyatoa wapi?"

"Si ujaribu tu."

Ulirudi nyuma, ukaipanga pikipiki juu ya mstari. Muda si mrefu taa ikawa kijani. "Profesa!" ulipiga kelele, na ukaendelea kuniita hivyo mpaka mjini. Darasani huwa najua jibu nikanyamaza. Siku ile nilikuwa nimesema, na barabara ikanijibu.

Kisha ukampata Nduta, binti wa mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha kule Kawangware. Jumamosi zikawa zake. Kwangu leso ilitosha, lakini yeye ulimnunulia helmeti. Nilianza kwenda maktaba kwa miguu, nikiiambia nafsi yangu kwamba kutembea ni afya.

Lakini ile siku ulipomleta nyumbani kumsalimia Mama ndiyo iliyoniumiza. Tulikuwa tunakula. Nduta akasema, "Mama, huyu kijana wako ana kichwa! Taa za Ngong Road zimewashinda matarishi wote, yeye peke yake akagundua siri yake." Mama akakutazama kwa fahari. Nilingoja useme. Ulimega ugali, ukachovya mchuzi, ukatabasamu. Kiti cha nyuma ningeweza kumwachia, kaka. Hilo lilikuwa langu.

Jumapili iliyopita Nduta, sasa mke wako, alikuja kutuona. Alileta ndizi, akaosha vyombo nilivyokatazwa kumwachia, akaniuliza kuhusu shule. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya. Alipoaga, Mama akaniambia nimsindikize mpaka stendi. Tulipofika Ngong Road tulimkuta tarishi amekwama kwenye taa, anarukaruka juu ya kiti.

Nduta akacheka. "Enda umwonyeshe ule ujanja wa kaka yako."

Nilikwenda. Nilimwonyesha mstari kwa ncha ya kiatu, akaipanga pikipiki, na taa ikawa kijani.

"Aki msichana, nani alikufundisha?" akauliza.

"Hakuna," nilisema, kwa sauti ya kumfikia Nduta. "Niligundua mwenyewe. Halafu nikamfundisha kaka yangu."

Tarishi akaenda zake. Nduta akanigeukia.

"Mbona hakuniambia?"

"Muulize yeye."

Nilimfikisha stendi, nikamshikia mfuko mpaka akapanda, nikarudi nyumbani. Nilimwambia Mama pia. Kisha nikakaa chini kukuandikia, ili usishtuke mkeo akikuuliza.

Ni mimi,
mdogo wako wa Gatwekera