Bima ya Mama ya Kwenda Maskati

Baba Salma,

Salamu kutoka Garsen, ambako jua limetukausha kama ng'onda na chai inanukia moshi wa kibuyu cha maziwa.

Leo tumekwenda kumtafutia Mama bima ya matibabu, maana karibu anakwenda Maskati kumwona dada aliyejifungua. Wakala katuonyesha mbili. Ya kwanza inatibu hata presha yake, na akifariki, maiti inarudishwa nyumbani. Ya pili haigusi presha wala maiti, ila akizidiwa na maradhi mengine inamrudisha kwetu akiwa hai, na muuguzi pembeni.

"Wengi huchukua ya kwanza," wakala akasema.

Mama akamkata jicho. "Maiti irudi kufanya nini? Sisi tunazikwa pale tulipofia. Kwani Maskati hakuna udongo?"

Nikamkumbusha presha.

"Dawa zangu nitabeba. Chukua ya pili. Nikifa sitawahitaji tena. Nikiugua ndipo nitawataka."

Tumechukua hiyo, na mpaka sasa sijui kama tumefanya la maana au wazimu. Wewe ungechagua ipi?

Mbusu Salma. Na tafadhali, msiugue mpaka nirudi.

Mama Salma