Sebule ya Nusu Ngwe

4 Machi

Mume mwenzangu,

Pokea salamu. Mimi mzima, ila magoti yanalia kama bawaba. Mke wetu naye mzima wa mwili. Maongezi ndiyo yametuharibikia. Tangu baba yako atujengee hii nyumba ya vigae, bibi yako hanisikii. Nikisema "lete chai", sauti inagonga ukuta, inapanda dari, inarudi na wenzake watano. Yeye anadai namung'unya. Mimi nasema masikio yake yamechoka. Juzi kafungasha nguo. Mwezi ujao anahamia kwa dada yake, moja kwa moja, eti kule anasikia watu wakiongea.

Wewe si unalipwa kutuliza kumbi za watu? Tuliza na huu wetu, kabla sijawa mgane na mke yu hai.

Babu yako, mume wa kwanza

15 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini magoti yamepoa. Mimi sijambo, kazi tu.

Masikio ya Bibi hayana kosa. Vigae, saruji na vioo havimezi sauti, vinairudisha yote. Sisi mafundi wa sauti tunapima kumeza huko kwa madirisha wazi. Chukua dirisha la mita moja kwa mita moja, lifungue: sauti ikipita hapo hairudi tena. Hicho ndicho kipimo kimoja. Blanketi zito la ukubwa huo linameza kama nusu dirisha. Ni hesabu tu, Babu, usije ukabomoa ukuta! Nipe ukubwa wa sebule nijue inahitaji madirisha mangapi.

Mwambie Bibi afungue mizigo.

Mjukuu wako, mume mdogo

22 Machi

Mume mwenzangu,

Marahaba. Magoti hayajambo, yanakusalimu.

Futi ya kupimia aliondoka nayo fundi wa vigae. Hata hivyo mimi sikukuzwa na mita. Nimelima kwa ngwe, kile kipande anachopimiwa mtu akimalize asubuhi moja. Basi nimeikagua sebule kwa jicho la mkulima: ni nusu ngwe, bila ubishi. Geuza mwenyewe ngwe ziwe madirisha, ndiyo maana ulipelekwa shule.

Bibi yako nimemwambia afungue mizigo. Kasikia "mazishi", kaniuliza nani amefariki.

Babu yako

3 Aprili

Shikamoo Babu,

Habari za hapo? Mimi mzima ila kichwa kinaniuma, na sababu ni wewe.

Nimeitafuta ngwe kwenye kitabu cha zamani cha vipimo vya ardhi. Ngwe moja, kinasema, ni mita za mraba mia nane. Kwa hiyo sebule yenu ni mia nne. Nimepiga hesabu mara mbili: inahitaji madirisha wazi mia tatu na ishirini, yaani mablanketi mia sita na arobaini. Bosi kauliza kama mnaishi uwanja wa ndege. Kabla sijatafuta lori, hebu kapime tena, hata kwa nyayo. Na uandike upesi, mwezi unayoyoma.

Mjukuu wako

29 Aprili

Shikamoo Babu,

Hamjambo? Mbona kimya? Nimeandika, hujajibu. Kama Bibi ameshaondoka, niambie tu. Nitapanda gari nije nimfuate mwenyewe kwa dada yake.

Mjukuu wako, mwenye wasiwasi

6 Mei

Mume mwenzangu,

Marahaba, na ushushe pumzi. Tu wazima, wawili.

Ngwe ya kitabu chako walipimiwa wanaume wenye migongo. Yangu ilikuwa inaishia pale hamu ya kulima inapoishia. Barua yako ilifika bibi yako yuko stoo, anachukua mto wake aondoke. Nikamfuata, nikamsomea palepale katikati ya magodoro ya wageni, mablanketi na magunia ya nguo. Nilipofika mia sita na arobaini, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

"Nusu ngwe, wewe? Ngwe yako nzima kuku angeimaliza kwa mguu mmoja!"

Nikagutuka. Kasikia! Nami sikuwa nimepaza sauti. Nikasema taratibu, "Mke wangu, usiende."

"Mbona hukuniambia hivyo siku zote hizi?"

"Nilisema. Sebule ikakuambia mara tano kwa mpigo."

Akaniangalia, halafu akanitwisha godoro. Jioni stoo ilikuwa tupu na sebule imegeuka kibanda cha mitumba: vitu vimening'inia kila ukuta. Baba yako akija atalia. Sisi tumekaa tunaongea, ndiyo maana ya kimya changu. Tulikuwa na viporo vya maongezi vya mwaka mzima. Mizigo imefunguliwa.

Andika basi kwenye kitabu chenu: nusu ngwe ya mtu mvivu ni mablanketi tisa na magodoro mawili.

Limebaki jambo moja. Jana nimenong'ona jikoni kwamba chai haina sukari, nikajibiwa kutoka sebuleni. Hivi nikitoa blanketi moja tu, la pembeni, mtu si atabaki na siri kidogo?

Babu yako, mume wa kwanza

Mume wangu mdogo, babu yako akiandika hutamka kila neno. Blanketi halitoki.

Bibi yako