Udongo wa Ilula umepona

Mama, shikamoo.

Mwambie yule mnunuzi wa shamba atafute kwingine! Udongo tuliodhani umekufa, msimu ule nyanya ziliponyauka zote, umepona. Shangazi hakuchoma mabua ya mahindi kama ulivyozoea wewe kusafisha shamba. Aliyafukia kwenye matuta, yakaoza, yakageuka udongo. Leo nimeuchota kwa mkono: mweusi, laini, umejaa minyoo. Nyanya nimeila palepale shambani, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikacheka peke yangu na baridi hii ya Ilula.

Sasa lala usingizi, Mama. Shangazi anakusalimu sana, anasema: “Wifi aje tupande wote, ila kiberiti akiache hukohuko Dar.”

Mwanao,
Tumaini