Ukurasa Niliouruka

Jumamosi, Kikole. Jua kali, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Sijawahi kumwambia mtu hili: namwonea wivu dada yangu, na dada yangu ana saratani ya damu.

Zuhura ana miaka kumi na tisa. Yuko hospitali Dar, Mama anamuuguza. Dawa za kwanza zilimsaidia, ugonjwa ukarudi. Za pili hazikufanya kitu. Sasa madaktari wamemwomba aingie kwenye utafiti: atatundikiwa dripu zenye kingamwili za aina mbili, zilizotengenezwa maabara. Moja inazishika seli za saratani, nyingine inawaamsha askari wa mwili wazishambulie. Kama zikiunganishwa zitamfaa, hakuna anayejua bado.

Kingamwili. Hilo lilikuwa neno langu. Nililisoma mimi, nikalieleza hapa nyumbani na hakuna aliyesikiliza. Juzi Zuhura, aliyekuwa akisinzia kila kipindi cha baiolojia, alilieleza kwa simu na Baba akazima redio ili amsikie vizuri.

"Umesikia, Profesa?" akanitania. "Siku hizi nakufundisha mimi."

Baba alicheka sana. Ripoti yangu ya kidato cha tatu, inayoonyesha nimeshika nafasi ya kwanza, bado iko juu ya kabati, pale aliposema niiweke. Hajaifungua.

Jana fomu ya ridhaa iliingia kwenye simu yangu. Zuhura ni mtu mzima, anaweza kutia saini mwenyewe, lakini amesema hatii bila radhi ya Baba. Jibu linatakiwa Jumatatu. Baba haoni maandishi madogo, kwa hiyo nikamsomea mimi.

Nilipofika kwenye neno "majaribio" akaninyamazisha kwa mkono.

"Majaribio? Kama panya?"

Ukurasa uliofuata ulikuwa na jibu. Nilishausoma peke yangu mara mbili.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Baba," nikasema, nikaizima simu.

"Basi arudi nyumbani. Mwanangu hajaribiwi."

Nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi.

Leo asubuhi Zuhura ametuma ujumbe: "Baba amesemaje? Niambie hata kama amekataa." Hakuna utani, hakuna Profesa.

Nilimfuata Baba kwenye mikorosho. Kwa woga nikamwamkia shikamoo mara ya pili. Nikamwambia kuna ukurasa niliuruka makusudi. Aliniangalia, hakuuliza kwa nini.

"Soma."

Nikasoma nimesimama. Kwamba kila dawa peke yake imeshatumiwa kwa watu, ila zote mbili pamoja ni wachache waliopewa. Kwamba kuna madhara, mengine makubwa. Kwamba watamwangalia kwa karibu, na siku yoyote akitaka anaweza kujitoa. Sikupunguza hata zile sehemu za kutisha.

"Hiyo ridhaa wanayoitaka," Baba akauliza, "ni yangu au yake?"

"Ni yake, Baba. Kwako anataka radhi."

Alipangusa mchanga kwenye bibo la mkorosho alilolishika.

"Mpigie dada yako. Nimwambie mwenyewe kwamba nimemridhia."

Nilimpigia. Alipopokea nikamwambia kwanza kwamba aliyechelewesha jibu ni mimi, si Baba. Kisha nikampa Baba simu, nikachukua ndoo, nikaenda kuokota korosho upande wa pili wa shamba ili wazungumze wao wawili.