Goti la Kushoto

Jumanne, 8 Aprili. Kitale.

Taulo chini ya goti. Kandamiza. Hesabu mpaka kumi. Achilia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Leo nimefika nne nikaacha. Hata uchungu haukuwa mwingi. Niliacha tu.

Mwezi mmoja kamili tangu ajali. Chuma walichotia ndani ya paja sikisikii. Nalisikia goti. Limevimba na limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Magongo yamenichubua kwapani. Mama Brayo, jirani yangu, ameniletea uji na kunishika nikienda chooni. Nina miaka arobaini na moja, na nashikwa nikienda chooni.

Simu tatu za wenye ng'ombe. Daktari, ng'ombe wangu amekuwa akipanda wenzake tangu jana, uko wapi? Wananiita daktari ingawa kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, na sindano za hapa na pale. Nimewaambia niko na mguu. Mmoja akauliza nitapona lini. Nikakata simu.

Alhamisi, 10 Aprili

Kliniki ya mazoezi. Anayenihudumia anaitwa Chebet. Msichana mfupi wa huko Mlima Elgon, mikono yake ina nguvu kama ya mkama maziwa. Ana kipimo kama rula mbili zilizoshikanishwa kwa msumari. Akakiweka ubavuni mwa goti, akaniambia nikunje.

Digrii thelathini na tano. Haifiki hata ya kukaa vizuri kwenye kiti.

Akanieleza polepole. Mfupa umeshikwa na chuma, utaunga wenyewe. Goti halitajifungua lenyewe. Likikaa bila kukunjwa, nyama za ndani zinashikana, na zikishashikana sana ndiyo basi. Akauliza kama nafanya mazoezi nyumbani. Nikasema nafanya.

Uongo.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nawasikia wakiimba barabarani. Sikufungua dirisha.

Nitaiandika mara moja, halafu basi. Dada yangu Agripina alikuja kunitembelea siku tatu kutoka Myanga, nyumbani kwa Mama. Yeye ndiye alikuwa akikaa na Mama. Siku ya kurudi nilimbeba kwa pikipiki yangu nimfikishe steji. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, barabara ya murram ilikuwa telezi. Kwenye kona tukakutana na trekta lenye tela. Nilikanyaga breki. Pikipiki ikanilalia mguu. Agripina akaangukia jiwe la kalavati.

Helmeti ilikuwa moja. Niliivaa mimi.

Aliniuliza kama nimeumia. Halafu hakusema tena. Alizikwa nikiwa wodini, mguu umefungiwa uzito.

Jumamosi, 19 Aprili

Kaka yetu Wekesa amepiga simu kutoka Myanga, ameenda kwa Mama kwa Pasaka. Mama hali chakula vizuri. Nikamwomba anipe niongee naye. Nikamsikia akimwuliza. Akarudi kwenye simu: "Amelala." Saa nne asubuhi. Mama hajawahi kulala saa nne asubuhi maisha yake yote.

Sikufanya mazoezi.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekosa kliniki mara mbili. Nimemwambia Mama Brayo ni matope. Kweli kuna matope. Lakini alikuwa amenitafutia gari.

Nikae niwe na mguu mbovu. Ni haki.

Jumatano, 7 Mei

Hakuna.

Jumatatu, 19 Mei

Chebet alipiga simu mara tano juma lililopita. Leo nimeenda ili aache.

Akapima. Thelathini na nane. Wiki tano na ushee, digrii tatu. Akapima tena kama aliyedhani amekosea. Paja limepungua mpaka suruali inacheza. Akakiweka kipimo chini.

"Unafanya nyumbani?"

"Nafanya."

"Madam Selina. Goti halijui kudanganya."

Kulikuwa na mzee upande wa pili akijifunza kutembea baada ya kupooza, kati ya vyuma viwili. Sikujali. Nilimwambia yote. Helmeti. Kalavati. Kwamba sitaki huu mguu upone, kwamba nikitembea vizuri itakuwa kama hakuna kilichotokea. Nililia makamasi yakanitoka.

Nilidhani atanipa pole. Hakunipa. Alinipa kitambaa, akangoja nimalize. Kisha akasema mambo ya dada yangu hawezi kuyatibu, hajasomea. Ameniandikia karatasi nimwone mshauri, yuko Ijumaa. Yeye anajua goti. Na goti hili, nikiliachia wiki sita nyingine za kulala, halitakunjika tena bila kupasuliwa, na pengine hata hivyo lisikubali.

Halafu akauliza, kama anayeuliza saa: "Mama yako sasa anakaa na nani?"

Anakaa na nani? Wekesa yuko kazini mjini Bungoma. Anaenda Jumapili. Siku sita Mama yuko peke yake.

Akanilaza kifudifudi. Akakunja. Nilipiga kelele mpaka yule mzee akasimama kati ya vyuma vyake akatazama.

Jumapili, 25 Mei

Nafanya sasa. Naandika ili nisidanganye.

Asubuhi: taulo, kumi mara tatu. Kuburuta kisigino kwenye godoro, kuja na kurudi. Kuinua mguu ukiwa umenyooka. Siwezi, unatetemeka, unaanguka. Mchana: kukaa kwenye kiti, mguu mzima unausukuma mbaya nyuma. Maji moto kabla, barafu baada. Barafu ni ya friji ya Mama Brayo. Jioni: kutembea mpaka geti na kurudi.

Si ushujaa. Nafanya kwa hasira. Nikikunja namwona Agripina, nikinyoosha namwona. Basi. Nakunja.

Mshauri alikuwa mwanamume mpole mwenye sweta. Sijui kama imesaidia. Nitarudi.

Jumanne, 3 Juni

Hamsini na sita. Chebet hakushangilia. Alisema ni kazi, tuendelee.

Ameongeza mengine ya nyumbani. Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika. Kusimama jikoni nikiosha vyombo, uzito nigawe miguu yote miwili, nisiegemee upande wa mguu mzima. Nikipanda ngazi mguu mzima unatangulia, nikishuka mbaya unatangulia. Anasema mazoezi ya kliniki ni nusu saa, siku ina saa nyingine zote, na goti linahesabu zote.

Yule mzee aliyepooza ametembea vyuma vyote mpaka mwisho. Mke wake alipiga makofi peke yake. Mimi nilitazama ukuta.

Jumanne, 17 Juni

Gongo moja sasa. Sabini na moja.

Wekesa amekuja mwenyewe. Nilijua ni mabaya alipokataa chai. Mama alianguka jikoni Ijumaa. Hakuvunjika. Lakini alikaa sakafuni kutoka asubuhi mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Magoti yake yamekufa, anasema Wekesa. Tangu tuzike amekuwa wa kukaa tu. Shambani haendi. Kanisani haendi. Anatoka kitandani mpaka kiti, kiti mpaka kitandani.

"Si uje ukae na yeye," akasema. "Kazi bado huwezi."

Nikamwuliza kama ni Mama ameniita. Akatazama viatu vyake.

Jumamosi, 28 Juni. Myanga.

Nimekuja. Wekesa aliazima gari la rafiki yake, nikakaa nyuma, mguu umenyooshwa kwenye kiti. Nina karatasi ya Chebet yenye picha za mazoezi. Nitarudi kliniki kila wiki mbili.

Mama alikuwa kwenye kiti mlangoni. Amekuwa mdogo. Alinisalimia kwa mkono kama mgeni. Hakunitazama usoni, alitazama gongo.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini kidogo, kwenye mteremko. Udongo bado mwekundu. Nilishuka mguu mbaya ukitangulia. Nilisimama hapo. Sikuweza kupiga magoti, goti halikunjiki kiasi hicho. Nikasimama tu kama mtu anayengoja kuitwa.

Niliporudi Mama akaniuliza kwa Kibukusu, moja kwa moja:

"Ulikuwa na kofia?"

"Ndiyo."

"Yeye?"

"Hapana, Mama."

Kuku waliingia wakatoka.

"Nilijua," akasema. "Waliokuja na mwili waliniambia. Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akainuka kwa kushika meza, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Wekesa akarudi mjini. Nimepika sukuma. Hajala.

Jumatano, 2 Julai

Hajasema lolote tangu Jumamosi ila mambo ya chumvi na maji.

Namchukia leo. Nimeandika. Halafu naona nguo za Agripina kwenye kamba ya chumbani na najua Mama ana haki zaidi ya kunichukia mimi.

Jumatano, 16 Julai

Nyumba ni ndogo, mazoezi nafanyia sebuleni. Hakuna pengine. Mama anatazama. Nikitetemeka anatazama. Nikilia anatazama nje.

Leo mama mmoja wa kanisa alikuja kumwona. Akanikuta nimelala kwenye mkeka nikiinua mguu. Akasema ati nitajivunja tena, mguu wa kuvunjika unatakiwa kupumzika, na kuna mtu huko Kamukuywa wa kuuvuta na kuufunga majani. Kabla sijajibu Mama akasema, "Mwache. Alipokuja alikuwa anatembea kama meza. Sasa anatembea."

Sentensi ndefu kuliko zote za mwezi huu. Hakuniambia mimi. Lakini aliisema nikiwepo.

Jumatatu, 21 Julai

Kliniki. Nilimweleza Chebet habari za Mama: magoti, kuanguka, kiti. Akauliza kama yamevimba, kama yana joto, kama anaweza kusimama bila kuvuta kitu. Akasema nimlete apimwe, asianze kwa kukisia. Huenda ni magoti ya uzee. Huenda pia ni kukaa. Miezi minne ya kiti inatosha kummaliza mtu wa miaka sabini na miwili. Nyama za paja ndizo zinazobeba goti, na zikiachwa zinaondoka haraka.

Nilimwambia Mama jioni. Akasema yeye si mgonjwa, yeye amefiwa.

Jumatatu, 4 Agosti

Amekubali. Sijui kwa nini. Asubuhi nilimkuta amevaa gauni la kanisa, mkoba mapajani.

Chebet alimwita Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu, akamkandakanda magoti, akamwambia inuka, kaa, inuka. Mara ya tatu Mama akashindwa. Akabaki ameshika kiti, uso umemwiva. Sijawahi kumwona Mama akishindwa mbele ya mtu. Chebet akampa dawa ya kupaka, na mazoezi mawili tu. Mawili, akasisitiza.

Njiani Mama akasema, "Huyo mtoto hana adabu." Baada ya muda: "Lakini anajua."

Alhamisi, 14 Agosti

Ameanza kufanya. Si na mimi. Anangoja nitoke kwenda kisimani kwa jirani, nikirudi nasikia kiti kikigonga ukuta.

Jumatatu, 18 Agosti

Tisini na sita. Mara ya tatu mfululizo tisini na sita.

Nilimwomba Chebet aniambie ukweli. Akaniambia. Huenda nikapata digrii chache zaidi. Yote hayatarudi. Nitatembea, nitapanda ngazi, nitafanya kazi nyingi. Kuchuchumaa, hapana. Kupiga magoti, kwa shida. Kukaa juu ya pikipiki kutwa nzima, asingenishauri. Nikauliza ingekuwaje kama ningekuja ule mwezi wa nne na wa tano. Angeweza kunidanganya.

"Ingekuwa bora kuliko hivi," akasema.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje. Miaka kumi na tatu nimezunguka mashamba ya Kitale kwa pikipiki. Najua ng'ombe wa watu kwa majina. Nimejinyang'anya mwenyewe, na Agripina hakupata kitu chochote kwa hilo. Hakuna aliyepata kitu.

Jumapili, 24 Agosti

Nimemwambia Mama habari za goti. Nikamwambia na zile wiki nilizolala makusudi, na sababu.

Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuacha.

"Mimi pia," akasema. "Nilikaa kwenye kile kiti nife."

Tukachambua maharagwe mpaka yakaisha.

Jumatano, 27 Agosti

Hajanisamehe. Siku nyingine ananiita kwa jina la Agripina, anajigundua, ananyamaza mpaka jioni. Usiombe hilo likupate.

Lakini kiti changu na chake sasa viko pamoja. Ananisema nikifanya haraka.

Jumamosi, 6 Septemba

Wekesa alivuna juzi, mahindi tumeyaanika uani kwenye turubai. Mchana wingu lilitoka upande wa mlima. Mama aliliona kwanza. Aliinuka bila kushika meza, akatoka, akaniita.

Hatukuweza kukimbia, hata mmoja. Nikasimama nimeinama kwa mguu mzima, yeye akakaa kwenye kigoda, tukajaza magunia kwa bakuli. Nikayaburuta mpaka barazani moja moja. Polepole.

Mvua ilianza kukiwa kumebaki karibu debe moja. Likalowa. Mama akasema hilo ni la kuku, tuingie ndani.