Konokono wa Chuma Uliyetutumia

Nyumba ya mlango wa buluu,
Nyuma ya zahanati,
Jumatano asubuhi, tarehe kumi na nne.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo uliyenikimbia,

Marahaba. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, maana naona huko uliko siku hizi watu huanza barua kwa matusi. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Unakula chakula cha moto, au bado unatafuna mkate mkavu umesimama, kama mlinzi wa lango? Sisi wazima. Goti langu la kushoto linalia kila nikiinuka, la kulia linamcheka mwenzake. Usiziruke salamu hizi ukakimbilia chini. Zisome zote, mbele utajua kwa nini.

Anayeniandikia ni mke wa kaka yako. Mkono wake, maneno yangu. Nimemkataza kulainisha hata moja.

Basi jua kwamba nimechukizwa. Nimechukizwa na wewe, nimechukizwa na moshi, na yuko mtu wa tatu ambaye nikimwangalia nasikia kichefuchefu kabisa. Huyo nitamfikia.

Barua uliyomwandikia kaka yako Nati ilifika Ijumaa. Eti ameliua gari la babu yenu kwa uzembe. Eti asikuite mdogo wake tena. Aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni mwa ovaroli, akaenda kunawa mikono. Mikono yenyewe ilikuwa safi. Tangu siku hiyo ovaroli inaning'inia msumarini, karakana ya babu yenu ina kufuli, na Nati anasema atatafuta lori la watu aendeshe, tena mbali. Wewe uko mbali tayari. Nikibaki na wajukuu wawili walio mbali na wasiosemezana, nitakuwa nimelea nini? Mbuzi?

Tuanze na yule konokono. Lilipokuja boksi lako mwezi uliopita, nililifungua mimi, maana Nati alikuwa chini ya gari la mwalimu. Nikaona dude la chuma limejikunja kama konokono, lina mdomo huku na mdomo kule. Nikamwita. Akatoka chini ya gari mbio, akalishika kama mtu aliyepewa mtoto. Akasema, "Bibi, hii ni tabo!" Nikamwambia tabo ni yako, mimi naona konokono.

Akanieleza. Moshi ukitoka kwenye injini unapita ndani ya konokono na kuzungusha kigurudumu, na kigurudumu kinapuliza hewa kwenye injini, injini inapata pumzi, gari linapanda mlima. Nikamuuliza, yaani gari linakula moshi wake lenyewe? Akacheka. Akasema si mpulizo mkubwa, ni wa chini, kama mtu anavyopoza uji wa mtoto. Akasema ukiwa mkubwa, injini ya babu itapasuka.

Siwezi kumsingizia. Kazi aliifanya kwa adabu. Siku nne yeye na mchomeleaji, bomba kwa bomba, oili mpya, hata boneti alilifuta. Na mlima ule unaoujua, ambao gari la foo-wili la babu yenu lilikuwa linaupanda likikohoa kama mimi, tuliupanda na watu saba na gunia. Muuguzi wa zahanati alipiga makofi. Mimi moyoni nilisema, yule mtoto wa mbali ametukumbuka. Hilo lilikuwa zuri lako la mwisho.

Wiki ya tatu, Jumamosi, tulikuwa tunampeleka fundi viatu hospitali kubwa, ng'ambo ya mlima. Amevunjika mguu, umefungwa mbao mbili, amelazwa nyuma. Katikati ya mlima konokono akapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Halafu moshi. Mjukuu wangu, nimepika kwa kuni miaka hamsini, najua moshi, lakini ule ulikuwa uchafu. Wa buluu, mzito, unanuka kama nywele na mafuta ya kukaanga yaliyooza, unaingia kinywani unakaa kwenye ulimi. Oili ilikuwa inanyonywa ndani na kuchomwa yote. Shuka nyeupe za zahanati tulizokuwa tumezibeba zikawa kama matambara ya karakana. Fundi viatu akapiga kelele huko nyuma, "Nilivunjika mguu tu, sasa mnataka na mapafu!" Nati akazima, tukashuka, tukasukuma gari pembeni, mimi na goti langu. Lori la mchanga ndilo lililomchukua mgonjwa, amelala juu ya mchanga, anatutukana mpaka kona ya mwisho. Mguu wake umeungwa, anaendelea vizuri, na mdomo haukuvunjika.

Gauni nililovaa siku ile nimelifua mara tatu. Bado linanuka. Nimelitupa.

Nati alipomfungua konokono alikuta beringi inayobeba kile kigurudumu imeungua, oili ndani imeganda kama ukoko wa sufuria. Akakaa chini akasema hajui kwa nini, oili ilikuwa mpya. Nawe ukapata habari, ukaandika uliyoandika.

Sasa nikupeleke kwa yule mtu wa tatu.

Unaikumbuka sheria ya babu yako? Ukifika juu ya mlima, zima injini, acha gari literemke lenyewe mpaka kwenye daraja. Alisema Mungu ameweka mteremko bure, anayechoma mafuta kwenye mteremko hana shukrani. Wote mmekulia katika sheria hiyo. Babu yenu alipofariki, mimi ndiye niliyeishika. Nakaa kiti cha mbele, tukifika juu napiga dashibodi mara mbili kwa kiganja, na dereva anazima. Muuguzi anajua, hata fundi viatu anajua.

Siku ya pili ya konokono tulifika juu, nikapiga dashibodi. Nati hakuzima. Akasema, "Bibi, chuma kimewaka chekundu, tukiache kingurume kidogo kipoe." Nikamwambia, "Zima! Umepata konokono, umeona babu yako mjinga?" Akazima. Kesho yake akasita tena, nikapiga tena, kwa nguvu. Siku ya nne hakusita. Majuma mawili na zaidi tulikuwa tunampandisha yule konokono mpaka anawaka, kisha tunamkatia oili ghafla, tunateremka tumetulia, upepo usoni, mimi najiona mtunza nyumba hodari.

Jana asubuhi mke wa kaka yako alikuwa anajaza taa. Akachomoa kizibo cha chupa ya mafuta ya taa, kikafunguka mkononi mwake. Karatasi. Nzuri, nene. Niliikuta juu ya konokono kwenye boksi lile, nikaona inafaa, nikaikunja, nikaziba. Sijui kusoma, na sikumuuliza mtu. Hilo nalo ni langu.

Akanisomea. Mwandiko wako. Mstari wa kwanza, umeupigia mstari chini mara mbili: "Baada ya kupanda mlima usizime injini ghafla. Iache ingurume dakika mbili au tatu, oili iendelee kupita, la sivyo beringi itaungua."

 Karatasi inanuka mafuta ya taa mpaka leo.

Nilimwita Nati jioni nikamwekea karatasi mezani. Alisoma. Nilikuwa tayari kutukanwa, kusema kweli nilikuwa nataka kutukanwa. Akasema, "Bibi, ufunguo ulikuwa mkononi mwangu." Nikamwambia ufunguo ulikuwa mkononi mwako, lakini ulimi ulikuwa kinywani mwangu. Ndipo nikamuuliza kwa nini hakukwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa napiga dashibodi. Akaangalia pembeni. Akasema, "Ningemwambia nini? Kwamba bibi ndiye kaua gari la babu?"

Umesikia? Siku hizi zote mtoto huyu amebeba matusi yako ili wewe usinifikirie vibaya. Wewe ukamwambia asikuite mdogo wake. Aibu yako ni kubwa, na yangu ni kubwa kuliko yako, kwa hiyo tuigawane kama watu wa nyumba moja. Hata wazee walisema kosa moja haliachi mke, seuze kaka.

Gari halikufa. Uliandika kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nati alimtoa konokono siku ileile, akarudisha bomba la zamani, na injini ya babu yenu inanguruma. Ila mlimani limerudi kukohoa, na muuguzi ameniuliza mara mbili wagonjwa watapandaje mvua zikianza.  Kama huko kwenu iko beringi ya kumfufua konokono, ilete. Maelezo yatume kwa mke wa kaka yako, ayasome kwa sauti na mimi nikiwepo. Na kwanza mwandikie Nati. Usiniandikie mimi kwamba utamwandikia. Mwandikie.

Sheria ya babu yenu nimeibadilisha, na nimekwenda kumwambia kaburini, asije akasikia kwa wengine. Tukifika juu, gari litanguruma, mimi nitashuka niwasalimie waliopo, mmoja mmoja, na mama zao na mbuzi wao. Nati anasema salamu zangu hazijawahi kwisha kwa dakika tatu, chuma kitapoa mpaka kishike kutu.

Kwa hiyo umeelewa kwa nini nilikukataza kuruka salamu. Na barua hii pia siizimi ghafla. Muuguzi anakusalimu. Mchomeleaji anakusalimu, anasema kazi yake haikuvuja hata tone. Fundi viatu anakusalimu kwa maneno ambayo mke wa kaka yako amekataa kuyaandika. Huyu anayeandika anakusalimu, amelowesha karatasi kidogo hapo juu, usidhani ni mafuta ya taa. Mungu akulinde, akupe usingizi, akupe na haya.

Kaka yako amepita hapa sasa hivi, akauliza barua ni ya nani. Nikamwambia ni ya yule wa mbali, una salamu gani? Ameichungulia karatasi. Kisha akasema, "Mwambie mdogo wangu oili ilikuwa mpya."

Amelitaja jina hilo mwenyewe. Sikumpigia dashibodi.

Wako nikupendaye hata ukiwa mjinga,
Bibi yako.